Mwanafunzi wa Ukunga Anapomlaumu Mama: Tumfundishe Nini?

SWALI: Daktari, mimi ni mkufunzi katika chuo kinachofundisha wakunga, wauguzi na matabibu. Mwaka huu tumeongezewa mada ya tofauti zisizo za haki katika afya ya mama na mtoto. Darasani wanafunzi wanaielewa, na kwenye mtihani wanajibu vizuri: umaskini, umbali, elimu duni, nafasi ya mwanamke katika familia. Lakini wakirudi kutoka wodini ripoti zao zinafanana: mama alichelewa, mama hakuhudhuria kliniki, mama hakuwa na uelewa. Ni kama somo halikuwagusa. Niwafundishe nini zaidi, na niwapime vipi? Vipindi ni vichache, na wodini si mimi ninayewasimamia.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wako wamekuelewa vizuri kuliko unavyodhani. Umewapa orodha ya sababu, na karibu zote zinamhusu mama: yeye ni maskini, yeye anakaa mbali, yeye hakusoma. Mwanafunzi akifika wodini anamtazama mama, anaziona sifa zile zile alizofundishwa, anaziandika. Ametii somo. Ambacho hakufundishwa ni kutazama upande wa pili wa kitanda, walikosimama wahudumu, vifaa, ratiba, foleni na maneno yanayosemwa pale.

Kwa hiyo sikushauri uongeze mada. Nakushauri ugeuze macho ya mwanafunzi. Kila anapoona mama mmoja amepata matokeo mabaya kuliko mwingine, swali lake la kwanza liwe: huduma ilimfanyia nini huyu, na ilimfanyia nini yule? Sifa za mama zije baadaye, na zije kama maelezo ya kwa nini huduma ile haikumfikia au haikumfaa.

Kipindi cha kwanza anza na Vienna, mwaka 1846. Hospitali kuu ya mji ule ilikuwa na kliniki mbili za wazazi: ya kwanza ilifundishia madaktari, ya pili wakunga. Akina mama walipangiwa kliniki kwa kufuata siku waliyofika. Mwaka huo kliniki ya madaktari ilipoteza zaidi ya akina mama 11 katika kila 100 waliojifungua. Ya wakunga haikufikisha 3. Wajawazito walilijua hilo, wakawa wanabembeleza wasipelekwe ya kwanza. Wakubwa wa hospitali walikuwa na maelezo tele: hewa mbaya, msongamano, hofu ya akina mama, aibu yao ya kukaguliwa na wanaume. Ignaz Semmelweis aliyachunguza moja moja na kuyaondoa. Mwaka 1847 alitambua kwamba madaktari na wanafunzi wao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia leba na mikono ile ile, akawalazimisha kunawa kwa maji yenye klorini. Mwaka 1848 kliniki zote mbili zilikuwa na vifo visivyofika 2 kwa kila 100.

Waachie wanafunzi muda wa kulitafakari hilo. Akina mama wa kliniki zile mbili walikuwa ni wale wale, wa mji mmoja, wa hali moja. Tofauti ilikuwa mikononi mwa waliojiita wasomi, wakiwemo vijana waliokuja kujifunza. Sijapata kisa kingine kinachomfanya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ajitazame upesi hivyo.

Yupo atakayesema hayo ni ya zamani, na kwamba siku hizi shida ni elimu. Huyo mpe takwimu za Marekani zilizotolewa mwaka 2019 na kituo cha nchi hiyo cha kudhibiti magonjwa, zikihusu miaka ya 2007 hadi 2016. Wanawake weusi wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa wakifa kwa sababu zinazohusiana na ujauzito kwa kiwango cha mara 1.6 ya wanawake weupe ambao hawakumaliza hata sekondari. Kama elimu ya mama ndiyo ingekuwa jibu, takwimu hiyo isingewezekana. Elimu inasaidia, sikatai. Lakini mwanafunzi anayeandika "elimu duni" kama sababu ya kifo anapaswa kuonyesha ni wapi hasa elimu hiyo ingebadilisha jambo, kwa mama huyu, usiku ule.

Tuingie sasa kwenye zoezi ambalo ndilo kiini cha jibu langu: kusoma kadi ya kliniki kisanduku kwa kisanduku. Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya kufundishia, ila vipande vyake ni vya kawaida kabisa.

Mama wa miaka 24, mimba ya pili, analetwa kwa rufaa usiku akiwa na kifafa cha mimba, yaani degedege inayotokana na shinikizo la damu kupanda wakati wa ujauzito. Anapona, mtoto anazaliwa mfu. Mwanafunzi anaandika: "Alichelewa kufika. Mahudhurio hafifu. Hakujua dalili za hatari." Usibishane naye. Mpe kadi, mwambie aisome kwa sauti. Mahudhurio ni manne. La kwanza, shinikizo la damu limeandikwa, liko sawa. La pili, kisanduku kitupu. La tatu, kitupu, ingawa vidonge vya kuongeza damu vimeandikwa kuwa alipewa. La nne, pembeni mwa kadi kuna maneno mawili kwa kalamu nyekundu: "miguu imevimba". Shinikizo la damu, kitupu. Mkojo: "hakuna vipimo".

Kisha barua ya rufaa. Kituo cha kwanza kilimpokea saa mbili usiku akilalamika kichwa kinauma na macho yanaona ukungu. Barua imeandikwa saa tano. Sehemu ya dawa alizopewa haina magnesia salfeti, dawa ambayo utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa inapunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mama mwenye shinikizo la aina hii kupata degedege. Muulize mwanafunzi kichwa kilianza kuuma lini. Ukweli uko kwenye maelezo ya ndugu aliyemsindikiza: jioni ile ile.

Sasa mwambie aandike upya sentensi yake ya kwanza. Itakuja yenyewe: "Alihudhuria mara nne, shinikizo la damu lilipimwa mara moja." Sentensi ya pili: "Alifika kituoni siku ile ile dalili zilipoanza, alikaa saa tatu bila dawa." Hapo ndipo maswali yenye maana yanaanza. Kwa nini kisanduku kilikuwa kitupu? Pengine kipimo ni kimoja na kinagawanywa na chumba cha wagonjwa wa nje, kikienda huko hakirudi hadi mchana. Pengine mhudumu ni mmoja na foleni ni ndefu, akaamua kupima wale tu wanaoonekana wagonjwa. Na je, akina mama waliofika asubuhi na mapema, wanaokaa karibu, walipimwa? Ukikuta waliokaa karibu wamepimwa na waliotoka mbali hawakupimwa kwa sababu walifika kipimo kikiwa kimeshachukuliwa, umeikuta tofauti isiyo ya haki kwa macho yako. Na dawa yake ni ratiba ya kipimo, jambo ambalo muuguzi kiongozi anaweza kulibadilisha kesho.

Najua mnawafundisha pia mtindo wa ucheleweshaji wa aina tatu, ule ulioelezwa na Sereen Thaddeus na Deborah Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ni mtindo mzuri, ila wanafunzi wana tabia ya kuusoma kuanzia juu na kuishia hapo hapo: wakipata jambo la kuandika kwenye ucheleweshaji wa kwanza, wanatosheka. Waagize wauanze kutoka mwisho. Waandike kwanza dakika kwa dakika kilichotokea baada ya mama kuvuka lango, ndipo warudi barabarani, ndipo warudi nyumbani. Na wakifika nyumbani wakumbuke kwamba waandishi wale wenyewe walisema uamuzi wa kuchelewa unatokana pia na kile mama anachojua kuhusu kituo. Mwanamke ambaye dada yake alitukanwa leba, au alikuta dawa hakuna, anapima hayo kabla ya kuondoka. Huyo ana taarifa, na mara nyingi taarifa zake ni sahihi.

Zoezi la pili ni la hesabu, na halihitaji kompyuta. Mwanafunzi aifungue rejesta na kuigawa. Tuseme katika eneo la kituo wamejifungua akina mama 100, na 80 kati yao wamejifungulia kituoni. Asilimia 80, kituo kinapongezwa. Lakini tuseme 50 wanakaa karibu na 50 wanakaa mbali. Wa karibu waliofika ni 48, wa mbali ni 32. Kwa hiyo wa karibu ni asilimia 96, wa mbali ni 64, na ile 80 haimwelezi mtu yeyote kati yao. Wagawe kwa umbali, kwa umri, kwa idadi ya mimba, kwa ulemavu kama umeandikwa. Kama haujaandikwa, hilo nalo ni jibu: kituo hakiwezi kujua kama kinawatupa watu ambao hakiwahesabu.

Duniani kote ndivyo wastani unavyoficha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tangu mwaka 2000 hadi 2023 kiwango cha vifo vya uzazi kimeshuka kwa takriban asilimia 40. Ni mafanikio makubwa na yanastahili kutajwa darasani. Bado mwaka 2023 walikufa wanawake wapatao 260,000, zaidi ya 9 kati ya kila 10 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati-chini. Daktari Julian Tudor Hart wa Wales aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huelekea kupatikana kwa uchache pale inapohitajika zaidi. Mwaka 2000 Cesar Victora wa Brazil na wenzake wakaonyesha upande mwingine wa jambo hilo kwa afya ya watoto: huduma mpya huwafikia kwanza wenye uwezo, kwa hiyo pengo linaweza kupanuka kabla ya kupungua. Mwanafunzi aliyelielewa hilo, akisikia kituo kimeleta kipimo kipya au siku mpya ya kliniki, atauliza mara moja ni nani atakayekipata mwisho. Ningefurahi kuliona swali hilo likiulizwa kwenye kila kikao cha kituo, na mara nyingi wa kuliuliza anaweza kuwa mwanafunzi, kwa sababu macho yake hayajazoea.

Nikija kwenye heshima leba, hapa nitasema kwa uwazi. Uchunguzi uliofanywa Ghana, Guinea, Myanmar na Nigeria na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya wanawake waliotazamwa wakijifungua walitukanwa, walipigwa, walinyanyapaliwa au walibaguliwa. Walioumia zaidi walikuwa wasichana wadogo na wasiosoma. Na unyanyasaji ulikuwa mkali zaidi kuanzia dakika 30 kabla ya mtoto kutoka hadi dakika 15 baada yake. Fikiria hiyo ni saa ya nani. Ni saa ambayo wanafunzi wote wanaitwa waje kuangalia. Wanajifunza kumpokea mtoto, na papo hapo wanajifunza ni mama wa namna gani anaweza kufokewa bila mtu kushtuka.

Mhadhara hauwezi kushindana na somo hilo. Kinachosaidia ni kumpa mwanafunzi maneno na kuyafanyia mazoezi mpaka yatoke bila woga. Hawezi kumkaripia dada mkuu wa zamu, na usimtume afanye hivyo. Lakini anaweza kusogea kichwani kwa mama, akasema kwa sauti ya kawaida, "Sista, naomba nikae naye huyu mimi, nimsaidie kupumua." Kwa sentensi hiyo mama anapata mtu, muuguzi aliyechoka anapata nafuu, na hakuna aliyeaibishwa mbele za watu. Wagawe wawili wawili, mmoja awe muuguzi mwenye hasira, warudie, wabadilishane. Kisha wafundishe sentensi ya kumwambia mama baada ya hapo: "Pole mama, ulivyoambiwa pale hukustahili." Wanafunzi wengi huona hii ya pili ndiyo ngumu, na nadhani ni kwa sababu inakiri kwamba kosa lilikuwa letu.

Usitegemee sana semina za kuwaonyesha wanafunzi upendeleo walio nao moyoni. Zinafungua mazungumzo, lakini ushahidi kwamba zinabadilisha namna mtu anavyomhudumia mgonjwa ni hafifu. Mimi naweka imani zaidi kwenye utaratibu usioacha nafasi ya kukisia. Mfano ni kutokwa na damu baada ya kujifungua, sababu inayoongoza kwa vifo vya uzazi. Kwa miaka mingi damu imekadiriwa kwa macho, na macho hukadiria pungufu. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Katika hospitali zilizopangiwa utaratibu mpya, kila mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida aliwekewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, na damu ikifika alama iliyopangwa hatua zote za matibabu zilianza kwa pamoja. Huko tatizo lilitambuliwa kwa takriban asilimia 93 ya waliolipata, dhidi ya 51 katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, na matokeo mabaya zaidi yakijumlishwa, yaani damu nyingi kupindukia, kupasuliwa tumbo ili kuizuia au kufa, yalipungua kwa asilimia 60. Jaribio lile halikulenga kupima usawa. Somo ninalolitoa kwa wanafunzi ni langu: mfuko haujui mama ni mke wa nani. Pale uamuzi unapotegemea alama, msichana wa miaka 16 aliye peke yake anapata kile kile anachopata mwenye ndugu daktari. Waulize ni maamuzi gani mengine wodini yanategemea nani anapiga kelele zaidi, na yangewekewaje alama.

Kwa upande wa watoto wachanga nitataja moja tu. Huduma ya kangaruu, ya kumweka mtoto njiti kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá mwaka 1978 kwa daktari Edgar Rey Sanabria, hospitali ikiwa haina mashine za joto za kutosha. Ni huduma ya bei ndogo, na kwa sababu hiyo watu hudhani inamfikia kila mtu sawa. Lakini inadai mwili wa mama kwa saa nyingi kila siku. Mwenye watoto wengine nyumbani na asiye na wa kumwachia, au asiye na mahali pa kulala hospitalini, ataondoka mapema, na kwenye faili ataandikwa "mama hakutoa ushirikiano". Mwanafunzi akikuta maneno hayo kwenye faili, kazi yake ni kwenda kuuliza mama alilala wapi jana.

Sasa upimaji. Kisichotahiniwa hakisomwi, hilo unalijua. Insha za kueleza sababu achana nazo, ndizo zilizokufikisha hapa. Mpe kila mwanafunzi kadi na barua ya rufaa zilizofutwa majina, na umpe alama kwa mambo mawili. Kwanza, ametaja tukio gani la huduma, lenye saa au tarehe, lililobadilisha njia ya mama? Pili, amependekeza nini ambacho watu waliopo kwenye kituo kile wanaweza kufanya kwa vitu walivyo navyo? Mimi sitoi alama kwa pendekezo linaloanza na "serikali iongeze" wala "jamii ielimishwe". Si kwamba serikali haina wajibu; inao, na mkubwa. Ila mwanafunzi anayeandika hivyo amejiondoa kwenye picha, naye mwezi ujao atakuwa ndani yake akiwa na sare. Kwenye mtihani wa vitendo, weka sehemu moja yenye mama wa kuigiza ambaye amekosa kliniki mara mbili, na mtahini asikilize swali la kwanza litakalomtoka mwanafunzi. "Kwa nini hukuja?" na "Ni nini kilikuzuia kuja?" hazipati alama sawa.

Kuhusu wasimamizi wa wodini, usiwapelekee wanafunzi wenye orodha ya makosa. Watafungwa mlango, na haki yao. Waalike wasimamizi wenyewe kwenye zoezi la kadi kabla ya wanafunzi, kwa kadi kutoka kituo kingine. Uingereza na Wales zimekuwa zikichunguza vifo vya uzazi kwa siri tangu 1952, majina yakifichwa, na lengo likiwa kujifunza bila kumwadhibu mtu. Sharti hilo ndilo linalowafanya watu waseme ukweli. Liandike, lisomwe mwanzoni mwa kila kikao, na siku mtu akitaka kulivunja, simama nalo.

Mwisho, najua chuo kitakushawishi uwapeleke wanafunzi majumbani ili "wakaone hali halisi". Inaweza kuwa na faida kubwa, hasa wakienda na mhudumu wa afya ya jamii, kwa kuwa yeye ndiye anayewajua wasioonekana kwenye rejesta. Lakini waende wawili tu kwa kaya moja, kwa ruhusa ya mama aliyeombwa siku moja kabla na bila kushinikizwa, pasipo picha, na maswali yahusu huduma aliyoipata kabla ya kuhusu maisha yake. Na warudi tena kumweleza walichokibadilisha kituoni kutokana na aliyowaambia. Kama ratiba haina nafasi ya hiyo safari ya pili, ya kwanza isifanyike; baki na kadi na rejesta, zinatosha kwa muhula mzima.